Asiyezikana na Watu

Mzee Mbaraka alikuwa amekwisha kuoshwa, amelazwa kwenye mkeka akingoja sanda, wakati Mwinyimadi alipotokea uani bila kubisha hodi. Hakuvaa kofia. Hakumpa mtu pole. Aliwapita wanawake waliokuwa wakimenya mihogo ya kuwalisha waliokuja msibani, akasimama kwenye mlango wa chumba cha maiti, akamkazia macho Kondo, mtoto wa marehemu.

"Mna hakika amekufa?" akauliza.

Watu walidhani wamesikia vibaya. Mwanahalima, mke wa Kondo, alikuwa amebeba birika la maji, akabaki nalo mkononi.

"Nauliza, mna hakika? Nani amemtazama vizuri?"

Kondo aliinuka. Lau Mwalimu Husseini, aliyekuwa akisoma Yasini pale kando, asingemdaka kanzu, pangezuka jambo jingine juu ya lile la msiba. "Toka," Kondo akasema. "Toka nyumbani kwa baba yangu."

Mwinyimadi akatoka. Makaburini hakwenda. Wachimbaji walimwona akikata njia ya shambani kwake, anatembea upesi kama aliyeingiliwa na nyuki, na jembe lake begani, jembe ambalo lingefaa kazi iliyokuwapo. Katika upande ule wa Kisarawe mtu anaweza kukuibia kuku na mwakani mkala sahani moja. Kutozika ni habari nyingine. Na huyu si kwamba hakuzika tu. Alikuja kumdhihaki mfiwa mbele ya maiti ya babake.

*

Walikuwa majirani wasiochaguana. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini iliwakuta kila mmoja kwake, huyu bondeni, yule kilimani kuelekea Kurui, ikawapanga kwa mistari kama mihogo. Nyumba ya Kondo ikaangukia ubavuni mwa nyumba ya Mwinyimadi, katikati mkorosho mmoja tu. Kondo akachaguliwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu ya upole wake. Mwinyimadi hakuchaguliwa kitu, maana tangu siku za mwanzo hakuonekana kwenye kilio cha mtu yeyote. Watu walivumilia. Walisema mgeni, atazoea.

Baada ya arobaini ya Mzee Mbaraka, wa nyumba kumi walikutana kwenye baraza ya Kondo. Yalisemwa mengi. Mmoja alisema mtu anayeuliza kama maiti imekufa kweli anajua anachokitafuta, na kama usiku watu wangekwenda kuchungulia kaburi la mzee, wangekuta halina mwenyewe, mwenyewe yuko shambani kwa fulani anapalilia. Neno msukule halikutajwa, lakini kila mtu alilisikia.

"Hazikani nasi," akasema mwingine, "nasi tusizikane naye. Asipewe moto, asiombwe chumvi. Siku yake ikifika atajichimbia."

Wote wakamtazama balozi. Kondo alikuwa na desturi ya kupoza maneno ya namna hiyo. Siku ile alikuna goti, akasema, "Iwe hivyo."

Mwanahalima aliyasikia hayo akiwa ndani, anapepeta mchele. Huyu alikuwa mwanamke mdadisi. Tangu utotoni alikuwa hawezi kulala na swali. Mumewe alizoea kumtania kwamba angezaliwa mwanamume angekuwa askari wa upelelezi. Na sasa alikuwa na swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Watu wote walikumbuka maneno ya Mwinyimadi siku ile. Yeye alikumbuka uso. Alikuwa amesimama karibu naye na birika lake, akauona. Haukuwa uso wa mtu anayedhihaki. Midomo ilikuwa imekauka, na jasho limemtoka puani kama aliyekutana na chui njiani.

"Mtu akimdhihaki mwenzake huogopa?" alimwuliza mumewe jioni ile.

"Mchawi huogopa kila kitu. Nipe maji ya kunawa."

*

Alianza kumtazama. Si kwa kumvizia. Nyumba zenyewe zilikuwa karibu mno hata ukitaka usione, utaona. La kwanza alilolijua kila mtu ni kumwita mkewe. Kutwa utamsikia, "Biubwa!" naye Bi Biubwa kutoka jikoni, au kwenye mihogo, au chooni, aitike, "Abee!" Basi. Hamtumi kitu. Hamwambii neno. Baada ya kitambo kidogo, "Biubwa!" tena. Wanawake walisema ni wivu wa uzeeni, wengine wakasema ni ukatili, mwanamke hapewi hata nafasi ya kulaza ubavu. Na kweli, Bi Biubwa akijinyoosha ukumbini mchana kidogo tu, mumewe atakuja amtikise bega. Mwanahalima aliliona hilo kwa macho yake. Bibi aliinuka bila kunung'unika, akamwambia, "Nipo," akajilaza tena.

Halafu likaja la mtoto. Mwanamvua, binti mdogo wa Kondo, alichoka kucheza akalala chini ya ule mkorosho wa katikati. Mwinyimadi alikuwa anapita na kuni. Alizitupa kuni chini, akamkamata mtoto mabega yote mawili, akamtikisa mpaka mtoto akaamka anapiga mayowe. Kondo alitoka ndani bila shati.

"Umemgusa mwanangu kwa nini?"

"Alikuwa amelala chali, mdomo wazi," Mwinyimadi akajibu. Alikuwa anahema.

"Sasa akilala ni kosa? Umekuwa mwenye usingizi wa watu wewe?"

"Mdomo wazi, na inzi ametua, naye hamfukuzi."

"Sikiliza, mzee. Nakuita mzee kwa ajili ya mvi zako. Ukimgusa tena mtoto huyu, nitasahau kama una mvi."

Majirani walikwisha kutoka, wamejipanga milangoni. Mwinyimadi akainama kuokota kuni zake moja moja mbele ya macho yao, na hakuna aliyemsaidia. Kuni moja ilibiringika mpaka miguuni kwa Kondo. Kondo hakuisogeza. Yule mzee akaja akainama pale, karibu kabisa na vidole vya miguu ya mtu aliyetoka kumtukana, akaichukua, akaenda zake.

Mwanahalima alimpakata mtoto akiwaza. Inzi ametua, naye hamfukuzi. Hilo si neno la mtu mwenye nia mbaya, alijiambia. Hilo ni neno la mtu aliyekuwa anatazama kama mtoto yu hai.

*

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, pumu ilimshika Bi Biubwa. Kisimani ilikuwa akifika yeye wanawake hujitwika ndoo zao hata kama hazijajaa, wakamwachia ukimya. Alipozidiwa hakufika tena, na mumewe akawa anateka maji mwenyewe, mwanamume mtu mzima katikati ya kanga, wasichana wakicheka pembeni. Mwanahalima aliliona hilo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, Kondo alipokwenda shamba la ujamaa, alichukua ndoo akazunguka nyuma ya nyumba.

Bi Biubwa alikuwa amekaa kitandani, amejiegemeza ukutani. Kifua kilimlia kama mlango mbovu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo anajua umekuja?"

"Hajui."

"Basi tua maji uende. Usinunue ugomvi kwa ndoo moja."

Mwanahalima akatua maji, lakini hakwenda. Akakaa kwenye kigoda, akakunja kanga magotini. "Bibi, naweza kukuuliza jambo?"

"Uliza. Nimesikia wewe huwezi kulala na swali." Bi Biubwa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Mzee anakuita namna hii kutwa. Huchoki?"

"Nilichoka miaka ya mwanzo. Nilirudi kwetu mara mbili, nikasema nimeolewa na kichaa. Baadaye nikajua anachotafuta akiniita. Tangu hapo nikawa naitika tu. Kuitika kuna kazi gani?"

"Anatafuta nini?"

Bibi yule alitazama mlangoni kwanza. "Hilo lake mwenyewe, siwezi kukupa. Ila nitakwambia hivi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanasema hapendi watu. Huyu? Huyu anawapenda watu kwa namna inayomuumiza."

Nje sauti ikaita, "Biubwa!"

"Abee!" akaitika, na kuitika kule kulimgharimu pumzi, akashika kifua.

Mwanahalima alikuja tena, na tena. Hakumwambia mumewe, naye mumewe hakuuliza ndoo ya pili inakwenda wapi.

*

Asubuhi moja Mwanahalima alikuwa anakoroga uji alipoisikia ile sauti. "Biubwa." Mwiko uliendelea kuzunguka chunguni, alikuwa anangoja lile jibu bila kujua kwamba analingoja. "Biubwa." Hakukuwa na abee. "Biubwa." Sauti haikupanda wala haikukasirika. Iliita vilevile, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina mwenyewe. Mwanahalima akaipua chungu, akaenda.

Mwinyimadi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mkewe.

"Amelala," akasema bila kugeuka. "Usiku pumu ilimbana sana. Alfajiri ikamwachia, akalala."

Mwanahalima akaugusa unyayo wa Bi Biubwa. Ulikuwa baridi kama mtungi. Mwanamke aliyewahi kumvua mama yake mzazi pete za vidoleni siku ya kufa kwake hahitaji kuambiwa.

"Mzee," akaanza.

"Usilie. Tafadhali, usipige kelele, watakuja."

Ilikuwa desturi alie, kilio ndicho kinachotangaza. Na kama angelia, wangekuja? Wachache wangekuja kutazama. Alijikuta ameketi chini, mgongo ukutani, mahali palepale alipozoea kukaa. Kisha akauliza lile swali, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia.

"Mzee, siku ya msiba wa baba mkwe wangu ulituuliza kama tuna hakika. Kwa nini uliuliza?"

Mwinyimadi aliupapasa mkono wa mkewe.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Isihaka. Alikuwa na kifafa. Siku moja kikamwangusha njiani, akakaa hivyo hivyo, hakuamka. Wakasema amekufa. Wingu lilikuwa limetanda, kaburi lingejaa maji, ikawa haraka, haraka. Baba akaniambia, wewe sasa mwanamume, ingia umpokee ndugu yako. Nikaingia na wajomba zangu wawili. Tukamlaza ubavu, tukalegeza kamba za sanda. Mimi nimemshika mkono, juu ya sanda. Akanishika."

"Alikushika?"

"Vidole vilifunga. Hivi." Alikunja vidole vya mkono wake wa kushoto, polepole, mkono wa kulia ukiwa bado umeshika mkono wa mkewe. "Nikasema, baba, amenishika. Baba akatazama watu waliosimama juu. Wote walikuwa wananitazama mimi. Akasema, mtoto ameogopa, mtoeni. Wakanivuta kwa makwapa. Wakafukia."

Uani kuku walikuwa wanaparuaparua.

"Jioni nikaenda nikalaza sikio kwenye udongo. Baba akanikuta pale. Alinichapa mpaka fimbo ikakatika. Akasema nataka watu waseme amemzika mwanawe hai."

"Ulisikia kitu, mzee?"

"Mvua." Akafikiri. "Labda hakunishika. Labda mkono wangu ndio uliotetemeka. Nimeambiwa maiti huweza kukakamaa. Nimejiambia hivyo tangu sijaota ndevu mpaka leo. Lakini nikiona udongo unatupwa juu ya mtu, siwezi kusimama pale. Baba mkwe wako alikuwa mtu mwema kwangu. Alinigawia ugoro. Nikasema nitajikaza, nitakwenda angalau nikaulize tu."

Mwanahalima aliyafuta macho yake kwa pindo la kanga. Maneno ya pole yalikuwapo mdomoni, akayaona hayatoshi, akayameza. Badala yake akauliza tena, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

"Na huyu, mzee? Tufanye nini ili moyo wako uridhike?"

Mwinyimadi aligeuka kwa mara ya kwanza akamtazama. Ilionekana hakuwahi kuulizwa hivyo maishani mwake.

"Asizikwe leo," akasema. "Na mtu mwenye elimu amsikilize kifua."

*

Kondo alikuwa anapalilia safu yake kwenye shamba la ujamaa. Mwanahalima alimwita kando, penye kichuguu, akamweleza yote.

"Sikupewa ruhusa ya kuyasema haya," akamaliza. "Ila wewe ndiye mume wangu, na wewe ndiye balozi."

Kondo aliegemea mpini wa jembe. "Angesema siku ile."

"Angesema nini? Kwamba huenda alimzika ndugu yake hai? Asimame uani, wanawake wanamenya mihogo, aseme hivyo?"

"Alinivunjia heshima, Mwanahalima. Baba yangu amelala pale, bado hana sanda."

"Alikuvunjia. Sikatai. Mimi nilikuwapo." Akasogea karibu. "Lakini hebu tazama hivi. Ni mtu asiyeweza kukaribia msiba wowote. Wa nani mwingine aliukaribia? Hakufika hata mmoja. Kwa baba yako alikuja mpaka mlangoni."

Kondo alirudi kwenye safu yake. Alipiga jembe, akapiga tena, akang'oa muhogo mzima pamoja na magugu. Akasimama kuutazama ule muhogo, mizizi yake ingali midogo, akaurudisha shimoni na kuushindilia kwa mguu.

"Baba alikuwa na ugoro mbaya sana," akasema. "Hakuna mtu aliyeutaka." Akapangusa mikono. "Nenda zahanati ukamwite mganga. Mwambie balozi ndiye anayemwita. Mimi napita kwa Mwalimu Husseini."

*

Bwana Leodegar, mganga wa zahanati, alikuwa kijana wa Ulanga aliyekuwa na haya mbele ya wazee. Alipoingia alimtazama marehemu mara moja tu, akajua. Angeweza kusema neno moja akarudi kwenye foleni yake ya wagonjwa. Lakini Mwanahalima alikwisha kumdokeza njiani, si siri yenyewe, ila kwamba yule mzee anahitaji kujua kwa masikio yake.

Alimpima Bi Biubwa taratibu, macho, shingo, kifua. Kisha akavua kile chombo chake cha kusikilizia akamvalisha Mwinyimadi masikioni.

"Kwanza sikia wa mtu aliye hai, baba," akasema. Akatazama huku na huku. "Nani atakubali?"

Kondo alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ya kuni hawakuwa wamesalimiana. Alifungua vifungo vya shati, akapiga magoti mbele ya yule mzee. Mwinyimadi akasikiliza moyo wa mtu aliyemsusa. Akasikiliza sana, kichwa amekiinamisha, na Kondo hakumkimbiza. Kisha mganga akakihamishia chombo kwenye kifua cha Bi Biubwa. Chumba kikawa kimya hata watu walikuwa wanasikia makuti yakilia kwa joto la jua.

"Hakuna kitu," Mwinyimadi akasema. "Kimya." Akavua chombo. "Lakini tungoje."

"Tungoje," akakubali Bwana Leodegar. "Nitakuja jioni, na kesho asubuhi nitakuja tena."

Mwalimu Husseini naye hakuleta ubishi. "Tumeamrishwa kuharakisha," alimwambia Kondo pembeni. "Na pale penye shaka tumeamrishwa kusubiri. Watu wanalikumbuka lile la kwanza tu kwa sababu ndilo linalowarudisha mashambani mapema." Akatangaza kwamba maziko yatakuwa kesho, wanamngoja Sikudhani, binti wa marehemu aliyeolewa Kongowe ya Kibaha. Jambo hilo lilikuwa kweli, na lilimsitiri mzee kama shuka.

Ikabaki kuwaita watu. Kondo alipita nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe. Kwenye nyumba ya tatu mwenyeji hakuinuka kwenye mkeka.

"Balozi, si wewe uliyesema iwe hivyo?"

"Nilisema."

"Na leo?"

"Leo nasema vingine."

"Kwa sababu gani? Umepewa nini?"

Wake wawili wa nyumba ile waliacha kusuka nywele wamsikilize. Kondo alilihisi joto likimpanda masikioni. Angeweza kuwaambia wote, hadithi ingezunguka kijiji kabla ya adhuhuri, na wote wangekuja, kwa huruma au kwa kutaka kumwona mtu aliyeshikwa mkono na maiti. "Sikupewa kitu," akasema. "Nilikosea, nimekuja kulirudisha neno langu. Mwenye jembe aje nalo." Akatoka huku wanamcheka mgongoni.

Wengine walikuja, wengine hawakuja. Bi Mwanakheri, mwoshaji, alikuja ananung'unika kwamba hajawahi kuona maiti ya kuwekewa ulinzi, lakini alipoingia ndani akapandisha kanga, akaomba maji ya uvuguvugu, na akaosha kwa upole kama anayemwogesha mzazi. Sikudhani alifika jua likizama, miguu imejaa vumbi, akamkuta baba yake bado ameushika ule mkono.

*

Wanawake hawaendi makaburini. Kwa hiyo Mwanahalima aliyajua ya kule kwa kumngoja mumewe, na alipomwona anakuja, magoti yamejaa udongo, akamfuata uani na maji.

"Ikawaje?"

"Tuliingia watatu. Yeye, mimi, na kaka wa marehemu aliyefika alfajiri. Tukamlaza. Akamshika mkono juu ya sanda." Kondo alijimwagia maji viganjani. "Tukangoja."

"Watu wakasemaje?"

"Wamesimama na majembe. Mmoja akaanza kukohoakohoa, Mwalimu akamtazama, akaacha. Mimi nilimwekea mkono mgongoni. Mwanahalima, alikuwa anatetemeka mwili mzima, na jua lile. Nikawaza, hivi ndivyo alivyokuwa siku ile, mtoto, na wanamvuta. Nikasema hata ikifika adhuhuri, mimi simvuti."

"Ikafika?"

"Hapana. Akasema, 'Basi. Huyu amekwenda.' Akapanda mwenyewe."

"Akafukia?"

"Hakuweza. Alikwenda akakaa mbali, ameziba masikio kwa viganja. Watu wakatazamana, unawajua. Nikachukua zamu yake nikaiweka juu ya yangu." Akatazama matope yakitiririka kutoka vidoleni. "Sijui kama alimshika kweli, yule ndugu yake."

"Hata yeye hajui."

"Basi ndiyo shida yenyewe," Kondo akasema.

*

Msiba ulianuliwa. Kijiji hakikugeuka kuwa kingine. Walionyimana moto walianza kupeana, lakini wale wa nyumba ya tatu waliendelea kusema balozi amelishwa dawa. Mwinyimadi naye hakugeuka. Alilalamika kwamba mkeka wake umerudishwa na tundu, na kwamba mbuzi wa Kondo wamekula majani ya mihogo. Kondo akaenda kuitazama mihogo, akasema ni kweli, akafunga mbuzi.

Sikudhani aliporudi kwa mumewe Kongowe, Mwanahalima alipeleka uji asubuhi. Mzee aliuonja.

"Mwepesi," akasema. "Na sukari umeisahau."

"Sukari haipo dukani, mzee."

"Uji wa Biubwa ulikuwa mzito."

"Kesho nitaukoroga mzito."

Akanywa. Mwanahalima akakaa kwenye kigoda, akakunja kanga magotini. Kulikuwa na swali jingine lililomkaa tangu siku ile, na alilichelewesha kwa sababu ya msiba. Watu wachache waliokijua kisa cha mzee walikuwa wamekijua kifo tu.

"Mzee," akasema, "huyo Isihaka alikuwa mtoto wa namna gani?"

Kata ya uji ilisimama hewani. Mwinyimadi alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolisikia miaka mingi, akainamisha macho, na kwenye pembe ya mdomo wake, mahali ambapo Mwanahalima hakuwahi kuona kitu kingine ila ukali, pakafumka jambo.

"Alikuwa mwongo," akasema. "Mwongo sana yule. Siku moja alirudi na mtego mtupu, akamwambia mama kwamba kanga alinasa, lakini alimwonea haya kumchinja kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzungumza."

Mwanahalima akacheka. Yule mzee akaweka uji chini, akajivuta sawasawa kwenye kitanda, akaanza kusimulia uongo mwingine wa Isihaka.